Ganzi si damu kukwama: niambie ni kidole kipi

Juzi tena. Mama mmoja amekaa mbele yangu, anasugua mkono wa kushoto mpaka ngozi imeiva. "Dokta, damu haifiki vidoleni." Nikambonyeza ukucha ukawa mweupe, nikaachia, wekundu ukarudi kabla sijahesabu mbili. Vidole vina joto, mapigo ya kifundo cha mkono yako sawa. Damu inafika, Mama.

Nalilaumu neno mshipa. Ateri tunaiita mshipa, vena mshipa, neva mshipa, hata kano. Mtu akisikia "mshipa umebanwa" anawaza bomba lililojikunja, basi anasugua ili damu ipite. Neva si bomba. Ni fungu la nyuzi zinazopitisha ishara za umeme. Pale neva inapotoka kwenye uti wa mgongo, mizizi yake ya nyuma huleta hisia, ya mbele hupeleka amri kwenye misuli, na zipo nyuzi zinazoendesha moyo, jasho na utumbo bila kukuuliza.

Sasa vidole. Usiniambie "mkono", niambie kidole kipi! Gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete ni eneo la neva ya mediani. Nusu iliyobaki pamoja na kidole cha mwisho ni ya neva ya ulna. Nilimpitishia pamba kwenye kidole cha pete: upande wa kidole cha kati anahisi, upande wa pili hahisi kitu. Mishipa ya damu ya kidole huungana pande zote mbili. Haiwezi kuchora mpaka wa namna hiyo.

Kweli, damu inahusika kidogo. Neva hulishwa na vijishipa vyake vya damu, na ukikalia mguu unaibana pamoja navyo. Nakiri pia kwamba vidole hunichanganya. Wapo ambao mediani imebanwa kifundoni nao wanaapa mkono mzima umekufa ganzi, na mzizi wa sita wa neva za shingo, ukibanwa, nao hutia ganzi gumba. Kuna siku siwezi kuamua kati ya shingo na kifundo mpaka nione kipimo cha umeme wa neva.

Ninachokiogopa ni maji ya moto. Kisukari huanza na nyuzi ndefu kuliko zote, za vidole vya miguu. Mtu anatumbukiza miguu "kuamsha damu", hahisi joto. Nimeona nyayo zilizoungua hivyo.

Mama yule hulala amekunja kiwiko chini ya kichwa, na ulna hupita nyuma ya kiwiko, karibu kabisa na ngozi. Nilikuwa namweleza afunge taulo kiwikoni usiku, asikikunje. Kisha akatandaza viganja mezani, nikaona nyama iliyo kati ya gumba na kidole cha shahada, mkono wa kushoto, imebonyea. Msuli ule huamrishwa na ulna. Uzi wa neva uliokufa huota upya kwa takriban milimita 1 kwa siku, na kutoka kiwikoni hadi kiganjani ni kama sentimita 30: siku 300 hivi, na msuli umeshaanza kusinyaa. Nikaacha habari ya taulo, nikamwandikia barua ya kwenda kwa daktari wa upasuaji.