Je, wajua kwa nini "kitoto" si "childishly" kila mara?

Steji ya Kondele, Kisumu. Mzee mwenye mvi amesusa ndani ya matatu, kakunja mikono, hashuki mpaka arudishiwe chenji yake ya shilingi 10. Mama mwenye beseni la samaki anachoka: "Mzee wangu, wacha mambo ya kitoto, tumechelewa!"

Kwa Kiingereza, mzee huyo anafanya mambo yake childishly. Neno hilo lina vipande vitatu: child ni mtoto, -ish ndiyo ileile iliyo mwishoni mwa English, na -ly, ambayo zamani sana ilitokana na neno lenye maana ya mwili au umbo. Kiswahili kinabeba mzigo huo wote kwa ki- moja tu: kitoto, kizee, kijinga, kishujaa. (Tusisahau kwamba kitoto pia ni mtoto mdogo, yule anayelia usiku kucha.) Wajaluo husema ka nyathi, kama mtoto, basi.

Mtego uko hapa. Mwanafunzi anataka kusema mtoto alitabasamu kitoto, anaandika: "The baby smiled childishly." Mwalimu anapiga kalamu nyekundu, na ana haki. Kitoto chetu hakina ubaya wala uzuri. Kinategemea mwenyewe ni nani. Nguo za kitoto ni nguo tu. Childishly karibu kila mara ni lawama: mtu mzima, au anayetarajiwa kujikaza, ananuna, anasusa, anabishana ovyo. Ile -ish ina tabia hiyo ya kusuta. Angalia foolish na selfish.

Kwa utoto unaopendeza, ule wa kushangaa na kutokuwa na hila, Waingereza wana childlike. Lakini neno hilo halipendi kubandikwa -ly, kwa hiyo wanazunguka na kusema like a child. Njia ileile ya ka nyathi!

Mahali pa neno nako kuna uzito. "He draws childishly" inaeleza namna anavyochora. "He childishly refused to get off" ni hukumu ya msemaji juu ya kitendo chenyewe, na hapo Kiswahili hukaa vizuri zaidi kikisema: kwa utoto wake, akakataa kushuka.

Makanga akatoa ile kumi. Mzee akaitazama, akatabasamu kitoto, akashuka. Hilo tabasamu usiliandikie childishly.