Maana ya kasri la kifalme katika Uingereza ya Elizabeth I

Neno kasri hutujia kama jengo: kuta nene, malango, walinzi. Ukisoma historia ya Uingereza ya karne ya 16 kwa maana hiyo peke yake, utapotea. Kasri la Malkia Elizabeth I, aliyetawala kuanzia Novemba 1558 hadi Machi 1603, lilikuwa watu. Lilikuwa malkia mwenyewe, wanawake waliomhudumia, mawaziri, mabwana waliowinda vyeo, pamoja na mamia ya wapishi na watunza farasi. Akihama jumba lake la Whitehall kwenda majumba ya Greenwich au Richmond, kasri lilihama naye. Majira ya joto alizunguka mikoani na msafara mrefu wa mikokoteni, na popote alipolala ndipo serikali ilipokuwa.

Jambo la kuangalia ni milango. Ukumbi wa kwanza mtu wa heshima, aliyevaa vizuri, aliweza kuingia na kusubiri malkia apite. Chumba kilichofuata kilikuwa cha wachache, na mbele yake kilikuwa chumba cha kulala. Enzi za baba yake, Henry VIII, vyumba vya ndani vilihudumiwa na wanaume waliokuwa pia wanasiasa. Mtawala alipokuwa mwanamke, kazi hiyo ilikwenda kwa wanawake kama Kat Ashley na Blanche Parry. Hawakuwa na cheo serikalini, lakini mwenye ombi lake aliwaendea wao kwanza, kujua malkia ameamkaje siku hiyo. Naona wanahistoria wengi wa zamani waliwapuuza bila haki.

Upande wa kazi za dola kulikuwa na baraza la washauri. Dada yake, Mary, aliyetawala kabla yake, alikuwa na washauri wapatao 40. Elizabeth alibakiza takriban nusu, na baadaye wakapungua zaidi. Baraza liliandika barua kwa mahakimu wa wilaya, ambao hawakulipwa mshahara, likafuatilia ulinzi wa pwani, fedha na bei ya nafaka. William Cecil alikuwa katibu wake tangu 1558, kisha mweka hazina mkuu kuanzia 1572 mpaka kufa kwake mwaka 1598. Francis Walsingham aliongoza mtandao wa majasusi. Robert Dudley alisimamia farasi wa malkia, kazi iliyomweka karibu naye kila alipotoka.

Malkia mwenyewe hakuketi na baraza mara nyingi. Aliwaita mmoja mmoja, akasikiliza, akauliza, na wa pili hakujua wa kwanza alisema nini. Cecil alipenda tahadhari na kubana matumizi. Dudley na Walsingham walitaka jeshi lipelekwe kuwasaidia Waprotestanti wa Uholanzi. Aliwaacha wavutane kwa miaka, mpaka 1585 alipokubali kupeleka jeshi. Ushauri ulikuwa wao, uamuzi wake.

Mwaka 1587 washauri walivuka mpaka huo. Februari 1 alitia saini hati ya kumuua Mary Stuart, malkia wa Scotland aliyekuwa mfungwa wake, lakini akasitasita kuituma. Baraza lilikutana bila kumwambia na kuituma, na Februari 8 Mary akakatwa kichwa katika ngome ya Fotheringhay. Hasira ya Elizabeth ilikuwa kali. William Davison, katibu aliyekabidhiwa hati ile, alifungwa na kutozwa faini kubwa. Cecil, baada ya utumishi wa karibu miaka 30, alikatazwa kufika mbele yake kwa muda. Kwa mtu wa kasri, kufungiwa mlango kulikuwa adhabu nzito kweli.

Robert Devereux, bwana wa Essex, aliuingia mlango bila kuitwa. Septemba 1599 aliiacha vita ya Ireland bila ruhusa, akafululiza hadi jumba la Nonsuch, akaingia chumbani kwa malkia kabla hajamaliza kuvaa, matope yangali mwilini. Baadaye siku hiyo aliwekwa chini ya ulinzi. Mwaka uliofuata akanyimwa haki ya kukusanya ushuru wa mvinyo mtamu, iliyokuwa tegemeo lake kwa mapato. Februari 1601 aliingia mitaa ya London na watu wenye silaha, na kabla mwezi haujaisha akauawa.