Je, wajua: kwa nini bastola nzuri ya mfukoni inaweza kulia ukiitikisa?

Shika bastola ndogo isiyo na risasi, uitikise karibu na sikio. Ukisikia vyuma vikigongana, utasema ni kazi ya ovyo. Ikikaa kimya, utasema imetoka mikononi mwa fundi. Mimi niliamini hivyo kwa miaka mingi, na nilikuwa nimekosea.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi. Ni ajisteri mstaafu, fundi wa kukalisha chuma juu ya chuma kwa tupa na vipimo, aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote katika karakana za mgodi. Kwenye meza anayofundishia vijana ana vitu viwili. Cha kwanza ni bastola ya Kibelgiji ya 6.35, yaani upana wa risasi yake kwa milimita, muundo wa John Browning uliotengenezwa na kiwanda cha FN cha Herstal kuanzia mwaka 1906. Mtutu wake umezibwa kwa kuchomelewa, haiwezi kufyatua chochote tena. Cha pili ni bastola ya kuanzishia mbio za shule, yenye mng'ao wa nikeli. Nilizitikisa zote mbili. Ya Kibelgiji ililia kama funguo mfukoni. Ile ya mbio ilinyamaza kabisa.

"Papa, hii ya zamani imekwisha," nikamwambia. "Hii ingine njo muzuri."

"Inacheza, njo vile," akajibu. "Lakini inacheza fasi gani?"

Katika Kiswahili chetu cha Lubumbashi, fasi ni mahali. Ni neno lilelile nafasi, na nafasi ndiyo habari yote hapa: ule upana mdogo ambao fundi anauacha kwa makusudi kati ya kipande na kipande ili viweze kusogea. Yeyote aliyewahi kurekebisha vali za pikipiki anaijua. Unaingiza kibamba chembamba cha kupimia, unakaza, na ukiondoa nafasi yote kwa kudhani unaboresha, vali haifungi sawasawa na mwishowe inaungua. Hakuna aliyewahi kusema injini ni mbovu kwa kuwa vali zake zina nafasi. Lakini tukishika bastola tunalisahau hilo, kwa sababu ukimya unatuambia "thamani" kabla hatujafikiri.

Mzee alianza kwa kutoa magazini, kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini. Akatikisa tena, na nusu ya kelele ikawa imekwisha. Magazini inatakiwa iwe na nafasi, la sivyo haitaingia wala kutoka kwa wepesi. Kinachopimwa kwake ni midomo ya juu inayoshika risasi: kama imepinda au imetanuka, risasi inapanda kwa pembe isiyofaa na kukwama. Kelele nyingine ilitoka kwenye kile kibati cha usalama nyuma ya mpini ambacho kiganja hukibonyeza. Hicho kikicheza, hakuna kinachoharibika.

Kilichobaki ni kitelezi, yaani kile chuma cha juu kinachorudi nyuma kila risasi inapotoka. Kinapita juu ya reli mbili za fremu, na kweli kilikuwa kinayumba kushoto na kulia. Hapa ndipo nilipokuwa nimeshika kosa langu kwa mikono miwili.

Fikiria mlango wa chumba chako. Ukiwa wazi, ushike kwenye ukingo, uunyanyue kidogo: unacheza kwenye bawaba. Sasa ufunge hadi ulimi wa kitasa uingie kwenye tundu lake. Kama kitasa ni kizuri, mlango unatulia, hata kama bawaba ni zilezile. Usalama wa nyumba unategemea jinsi mlango unavyokaa ukiwa umefungwa. Na chukua mlango wa mbao uliokalishwa bila nafasi mwezi wa Agosti, mbao zikiwa zimekauka kwa kiangazi. Siku ile unafunga vizuri ajabu. Mvua za Novemba zikianza, mbao zinavimba, na wewe unaingia ndani kwa kusukuma na bega.

Bastola iko hivyo. Kuna aina ambazo mtutu wenyewe unasogea pamoja na kitelezi, kama ile ya Colt ya 1911. Kwa hizo, swali kubwa ni kama mtutu unarudi palepale kila mara kitelezi kinapofunga. Unafunga, unaweka kidole juu ya mtutu kupitia tundu la kutolea maganda, unabonyeza. Ukisogea hapo, una sababu ya kuwa na wasiwasi. Lakini kwa hii ndogo ya 6.35, mtutu hausogei kabisa; umeshikwa kwenye fremu kwa meno. Kitelezi kinazuiwa na uzito wake na springi tu. Kikifunga, springi inakisukuma mbele, kwa hiyo hakichezi mbele na nyuma, na kule kuyumba pembeni hakuugusi mtutu. Kuyumba huko kunagusa kidogo kulenga, maana alama ya kulengea iko juu ya kitelezi, ila bastola ya ukubwa huu ilikusudiwa umbali wa hatua chache.

Udogo nao una hila yake, na hii ndiyo sehemu iliyonifurahisha kuliko zote. Tuseme reli zimeachiwa nafasi ya milimita 0.1. Kwenye reli ya milimita 100, kitelezi kinaweza kuinama kidogo sana. Weka nafasi ileile kwenye reli ya milimita 40, na pembe ya kuinama inakuwa kubwa mara mbili na nusu. Fundi amefanya kazi kwa kipimo kilekile, lakini mkono wako unahisi ulegevu zaidi. Ni kama droo ya kabati: ndefu inakwenda sawa, fupi na pana inapinda pembeni ukiivuta kwa upande mmoja. Kwa hiyo bastola ya mfukoni inaonekana mbovu kuliko kubwa hata pale zinapokuwa sawa.

Mtu atasema nafasi inaachwa kwa ajili ya joto. Kidogo tu. Kipande cha chuma cha pua cha milimita 20 kikiongezeka nyuzi 50 kinakua kama milimita 0.012, na reli na kitelezi hukua pamoja. Adui mkubwa ni uchafu: masizi ya baruti, nyuzi za mfuko, jasho, na kwetu vumbi jekundu la Julai. Vumbi likichanganyika na mafuta linakuwa msasa. Likikosa pa kwenda, linakwamisha.

Kuna faida nyingine ya kuacha nafasi. Mwaka 1785 fundi bunduki Mfaransa Honoré Blanc alimwonyesha Thomas Jefferson, aliyekuwa mwakilishi wa Marekani Paris, mitambo ya bunduki iliyounganishwa kwa vipande vilivyookotwa popote kwenye rundo. Kabla ya hapo kila kipande kilipigwa tupa hadi kikae na mwenzake mmoja tu. Kilikaa vizuri, lakini kikivunjika, bunduki nzima inarudi kwa fundi. Ili kipande chochote kiingie popote, lazima nafasi iachwe.

Nisivuke mpaka, hata hivyo. Watu hupenda kutaja jaribio la jeshi la Marekani la mwaka 1911, ambapo bastola ya Colt ilipiga risasi 6,000, na kusema ulegevu ndio ulioiokoa. Jaribio lile halikutenganisha ulegevu na mambo mengine, kama springi, magazini au chuma chenyewe. Na ulegevu unaoongezeka mwaka hadi mwaka ni kuchakaa. Ndiyo maana mzee anaangalia sehemu zinazong'aa kwenye reli: zikiwa zimelainika sawa pande zote mbili, kitelezi kinapita wima. Upande mmoja ukiwa umeliwa, kuna kilichopinda.

Kisha akaichukua ile iliyonyamaza. Akaikwaruza kwa ncha ya tupa mahali pasipoonekana, na chini ya nikeli ikatokea rangi ya kijivu isiyo ya chuma cha pua. Ilikuwa aloi ya zinki, madini yanayotoka hata Kipushi jirani yetu, iliyomiminwa kwenye kalibu. Kalibu ikiwa nzuri, vipande vinatoka laini na vinabana siku ya kwanza. Kwa bastola ya kutoa mlio tu inatosha. Lakini bastola za mfukoni za bei ya chini zilizopiga risasi za kweli zimetengenezwa kwa aloi hiyohiyo, na zinki ni laini kuliko chuma cha pua.

Akasukuma nje pini ya kifyatulio, akanipa fremu na kurunzi. Tundu la pini lilikuwa limerefuka, limekuwa umbo la yai, na unga wa kijivu ulikuwa umeganda ukingoni. Kwenye ile ya Kibelgiji, tundu la pini lilikuwa bado duara, na pini yake ilitoka ikiwa imeng'aa sawa mzunguko mzima.