Fonti za mwandiko wa mkono: ziandikie majina, si kadi nzima

Msimu wa harusi ukiingia hapa Mombasa kila kastoma anataka "ile fonti kama imeandikwa na mkono, nyembambaa, yenye mikia". Mashallah ni nzuri, hata mie nazipenda, lakini zina masharti yake.

Asili yake ni kalamu ya nibu ya ncha kali, ukishuka unakandamiza wino unatoka mnene, ukipanda unalegeza mkono unabaki uzi tu. Snell Roundhand aliyoichora Matthew Carter miaka ya 1960 imetoka kwenye mwandiko huo, na kwa za bure kuna Great Vibes ya Google Fonts. Sasa ule uzi ndio uzuri wenyewe na ndio balaa, kwa simu unazumu unauona vizuri, ukiprinti saizi ndogo unakatika, na ukiweka maandishi meupe juu ya bakigraundi nyeusi wino wa pembeni unaumeza kabisa. Rangi za kuchanganya pia hapana, zikipishana kidogo tu kwa mashine herufi inatoka na kivuli. Piga nyeusi tupu, au foili ya dhahabu kama mfuko unaruhusu.

Caps lock usiiguse, na herufi usiziachanishe, zimechorwa zishikane.

Halafu kuna shida yetu sisi. Fonti nyingi za hivi unaonyeshwa kwa majina ya kizungu yenye l, h, d, yaani herufi zenye vijiti virefu vya kupanda juu, sasa wewe andika Muumini uone. M, u, u, m, i, n, i, vijiti vitupu vimepangana, hujui u imeishia wapi na m imeanzia wapi! Mie fonti mpya naipima kwa jina hilo na Mwinyi, ikifeli hapo siinunui hata iwe na mikia ya tausi.

Na ng' ndio kiboko. Ile alama inakata muunganiko, mkia wa g unabaki unaning'inia hewani na Mwang'ombe anakuwa watu wawili. Dawa yake: andika Mwangombe bila alama ili g ishikane na o, kisha chukua alama peke yake uipandishe juu yao kwa mkono, usogeze mpaka ikae.

Kwa hiyo majina ya bibi na bwana harusi, sawa, lebo ya udi au marashi, sawa kabisa, ila tarehe, ukumbi na namba ya simu weka herufi za kawaida zilizosimama, mzee wa miaka 70 asiitishe miwani ya jirani. Kuna anayetaka hata jina la leso, yale maneno ya kwenye kanga, liwe hivi, jamani, nenda maduka ya leso ya Biashara Street uangalie, ni herufi kubwa nene, sababu leso inasomwa mwenyewe akitembea na nguo imejikunja kiunoni.