Donge la pombe ya mchele si hamira tupu

Wengi wakiona yale madonge meupe ya Kichina ya kutengenezea pombe ya mchele, yaani jiuqu (Indonesia huyaita ragi), hudhani ni hamira iliyofinyangwa tu. Basi yakikosekana, wanachukua hamira ya mkate, wanainyunyizia wali na kusubiri. Siku tatu baadaye wali uko vilevile, labda umechacha.

Hamira hula sukari. Wanga haiuwezi, na wali ni wanga. Ndani ya donge kuna pia ukungu, hasa wa jamii ya Rhizopus, unaotoa vimeng'enya vya kuvunja wanga kuwa sukari. Hapo ndipo hamira hupata chakula na kutoa kileo, kazi zote mbili zikienda pamoja chunguni. Chukua mchele wa kunata, upike kwa mvuke, uache upoe kabisa (joto huua ukungu), uchanganye na donge lililosagwa, kisha chimba kishimo katikati. Baada ya siku mbili hivi kishimo kinajaa maji matamu, na sukari hukutia hata kijiko.

Mpika busaa (pombe ya nafaka ya Kenya) anaijua shida hii, ila yeye hutumia kimea: ulezi uliooteshwa una vimeng'enya vyake wenyewe.