Kasi na kupanda masafa: mwanamke wa mita 5,000 anapoingia marathoni

Hapa Mwanza, dada akiongoza mbio za kilomita 5 Jumapili asubuhi, jasho halijakauka tayari kuna watu kijiweni wameshampangia kilomita 42 za marathoni mwaka kesho. Hoja huwa ni ileile: huyu ana mbio, masafa atazoea. Anayesema hivyo amechanganya mambo mawili, na hayo mawili ndiyo huamua kama mtimkaji wa kiwango cha juu atavuna chochote akihama kutoka uwanjani kwenda barabarani.

La kwanza ni kasi. Makocha wanapozungumzia kasi hawana maana ya uwezo wa kuchomoka na kuwaacha wenzako. Wanazungumzia muda unaotumika kumaliza kila kilomita, na jinsi mkimbiaji anavyoupanga muda huo tangu bastola ilie hadi utepe. La pili ni kupanda masafa, yaani mwanariadha aliyejijenga kwenye umbali fulani, tuseme mita 1,500 au 5,000, kuhamia umbali mrefu zaidi kwa nia ya kushindana, si ya kushiriki tu na kuvaa medali. Akishapanda, kasi aliyoizoea haimfai tena. Inabidi ajifunze nyingine, ya taratibu kuliko ile ya zamani, lakini yenye adhabu kali zaidi kwa anayeikosea.

Tazama namba. Tarehe 5 Julai 2025, mjini Eugene, Marekani, Beatrice Chebet wa Kenya alikuwa mwanamke wa kwanza kukimbia mita 5,000 chini ya dakika 14: alitumia 13:58.06. Hiyo ni kama dakika 2 na sekunde 48 kwa kilomita. Tigst Assefa wa Ethiopia alipokimbia marathoni ya Berlin kwa saa 2:11:53 mwaka 2023, rekodi ya dunia wakati huo, kila kilomita ilimchukua wastani wa dakika 3 na sekunde 7 hivi. Tofauti yao ni sekunde 20 tu. Ukisimama pembeni ya barabara pale Pasiansi wakakupita, macho hayataona tofauti ya maana. Tatizo ni umbali. Kutoka katikati ya jiji hadi uwanja wa ndege ni kiasi cha kilomita 10. Wa mita 5,000 anaishia nusu ya njia. Wa marathoni anakwenda, anarudi, anakwenda tena, anarudi tena, na bado anadaiwa kilomita mbili na ushee.

Kinachobadilika ndani ya mwili ni kile kinachoisha kwanza. Kwenye mita 5,000 mkimbiaji yuko karibu kabisa na kilele cha uwezo wake wa kutumia oksijeni. Kinachomkaba ni pumzi na ule moto wa misuli, na dakika 14 si nyingi za kuteseka. Marathoni haina pumzi hiyo ya kukatika. Bingwa wa 42 anaweza kusema maneno mawili matatu akiwa kilomita ya 15. Yeye anaishiwa sukari, ile iliyohifadhiwa kwenye misuli na kwenye ini. Mwanamke wa kilo 50 hutumia takriban kalori 50 kwa kila kilomita, kwa hiyo 42 zinadai zaidi ya 2,000, na akiba yake ya sukari kwa kawaida haitoshi kumfikisha. Pengo linazibwa na mafuta ya mwili pamoja na vinywaji vya njiani. Mafuta yapo ya kutosha hata kwa mtu mwembamba kama mwanzi, ila yanahitaji oksijeni nyingi zaidi kutoa nguvu ileile, kwa hiyo yanamlazimisha kupunguza mwendo.

Na kadiri anavyokimbia kwa kasi kubwa, ndivyo sehemu ya sukari kwenye mchanganyiko huo inavyozidi. Hapo ndipo sekunde tano za ujeuri kwa kila kilomita mwanzoni zinapokuja kugeuka dakika tano mwishoni. Ni kama bando: ukilimaliza kwa video asubuhi, jioni hata ujumbe mfupi hautoki. Mkimbiaji anakata moto kilomita ya 32 au 35, na wala si kwa kukosa moyo.

Watanzania tuna sababu ya kulielewa hili vibaya. Picha yetu ya ushujaa ni Filbert Bayi kule Christchurch mwaka 1974, aliyeongoza mita 1,500 tangu mwanzo hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya 3:32.2. Ilikuwa mbio tamu kuliko zote, lakini ni ya dakika tatu na nusu. Ukiichukua ile roho ukaipeleka kwenye saa mbili na robo, utakutana na wahenga wetu: kutangulia si kufika.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni London, Aprili 2018. Mary Keitany wa Kenya alikuwa ameshinda hapohapo mwaka uliotangulia kwa saa 2:17:01. Katika ushindi huo nusu ya kwanza ilimchukua dakika 66:54, ya pili 70:07, yaani alilipa zaidi ya dakika tatu lakini deni likamuacha na taji. Mwaka 2018 alitaka zaidi: rekodi ya Paula Radcliffe wa Uingereza, saa 2:15:25, iliyosimama tangu 2003. Waandaaji wakamwekea wanaume wa kumuongoza. Akapita nusu kwa 67:16. Siku hiyo London ilikuwa na joto la nyuzi 24 hivi, ambalo kwetu ni asubuhi ya kawaida tu, ila kwa marathoni ni adui. Keitany alimaliza wa tano, kwa saa 2:24:27. Piga hesabu: nusu ya pili ilimchukua zaidi ya dakika 77.

Aliyempita ni Vivian Cheruiyot, na hapa somo la kupanda masafa linaonekana wazi. Cheruiyot alikuwa bingwa wa Olimpiki wa mita 5,000, Rio 2016. Alipoingia marathoni kwa mara ya kwanza, London 2017, alikuwa wa nne kwa saa 2:23:50. Oktoba mwaka huohuo akashinda Frankfurt kwa 2:23:35. Ukitazama juujuu utasema hajapiga hatua, sekunde 15 tu. Kumbe alikuwa anajifunza. London 2018 aliwaacha Keitany na Tirunesh Dibaba wa Ethiopia watangulie na wanaume wao, akabaki nyuma na kasi inayomfaa, akamkuta Keitany zikiwa zimebaki kilomita chache na kushinda kwa 2:18:31. Malkia wa mita 5,000 angeweza kuwafuata tangu mwanzo, maana miguu ya kufuata alikuwa nayo. Kupanda masafa ni kukubali kuwaona wenzako wakiondoka ilhali unajua una uwezo wa kuwashika.

Swali la nani anaweka kasi lina uzito wa pekee kwa wanawake. Mweka kasi ni mkimbiaji anayelipwa kutangulia kwa mwendo waliokubaliana, akikata upepo na kumwondolea mshindani kazi ya kuangalia saa, kisha akajiondoa. Kwa wanaume anapatikana mwanamume wa kufanya hivyo hadi kilomita ya 30. Kwa wanawake, mwenye uwezo wa kuongoza kilomita 30 kwa dakika 3 na sekunde 10 kila moja kwa kawaida ni mshindani mwenyewe, hatakubali kushuka njiani. Wanaume, kinyume chake, wanaweza kumsindikiza bingwa wa kike hadi karibu na utepe. Ndiyo sababu Shirikisho la Riadha la Dunia linatunza rekodi mbili za marathoni kwa wanawake: ya mbio mchanganyiko na ya wanawake peke yao. Ruth Chepngetich wa Kenya alikimbia Chicago 2024 kwa saa 2:09:56 kwenye mbio mchanganyiko. Mwaka uliofuata alifungiwa kwa kosa la dawa lililotokana na sampuli ya baadaye, kwa hiyo muda huo haukufutwa, ila kila mtu anautaja kwa tahadhari. Ya wanawake peke yao Assefa aliiweka London 2025, kwa saa 2:15:50. Binafsi hii ya pili ndiyo ninayoitazama nikitaka kujua mwanamke ameweza nini. Ile ya kwanza inanionyesha pia bajeti ya waandaaji.

Uwanjani sheria ni kali zaidi: rekodi ya mwanamke haitambuliwi akiongozwa na wanaume. Faith Kipyegon wa Kenya alipokimbia maili moja kwa dakika 4 na sekunde 6 na ushee jijini Paris Juni 2025, akizungukwa na kundi la waweka kasi wakiwemo wanaume, muda huo haukuingia kwenye vitabu. Boston, New York na Olimpiki hakuna mweka kasi kabisa, na hapo wanaopanda kutoka uwanjani hupata nafuu, kwa kuwa mbio huenda kwa kuviziana na mwisho huamuliwa kwa miguu mepesi. Hellen Obiri, bingwa wa dunia wa mita 5,000 mara mbili, alianza New York 2022 akawa wa sita kwa 2:25:49. Miezi mitano baadaye alishinda Boston.

Kuhusu njia ya kupanda, mazoea ni ngazi: 5,000, 10,000, nusu marathoni, kisha 42. Wapo walioiruka. Grete Waitz wa Norway alikuwa mtu wa mita 3,000 alipoalikwa New York 1978, na mwandaaji alimtaka kama mweka kasi tu. Hakuwahi kukimbia zaidi ya kilomita 20 hivi, akashinda kwa saa 2:32:30, muda bora duniani. Assefa mwenyewe alikuwa mtu wa mita 800. Sifan Hassan wa Uholanzi alishinda London 2023 ikiwa marathoni yake ya kwanza, na njiani alisimama kunyoosha nyonga. Paris 2024 alichukua shaba mbili, ya 5,000 na 10,000, kisha dhahabu ya marathoni. Ni habari nzuri za kusimulia, ila kocha anayezigeuza kuwa programu ya mazoezi ya binti wa watu anacheza kamari kwa mwili usio wake.

Kuna na mambo madogo yasiyoonekana kwenye televisheni. Mtu wa uwanjani hajawahi kunywa chochote katikati ya mbio. Kwenye marathoni kubwa chupa yake inamsubiri mezani kila kilomita 5, naye anatakiwa kuitambua, kuinyaka akiwa kwenye mwendo wa kilomita 18 kwa saa, na kumeza kinywaji kitamu bila kupaliwa wala tumbo kuvuruga. Hilo hufanyiwa mazoezi kwa miezi.

Jambo moja liko upande wa wanawake: kwa juhudi ileile, miili yao huchoma mafuta kwa uwiano mkubwa kidogo kuliko ya wanaume, na kwenye marathoni za watu wengi hupungua mwendo kidogo kuliko wanaume katika nusu ya pili. Wa kwetu wa kutolea mfano barabarani ni Magdalena Shauri, wa tatu Berlin 2023 kwa saa 2:18:41, karibu dakika 3 na sekunde 17 kwa kilomita, zile zile alizotumia Cheruiyot London.

Mwanza yenyewe ina faida na hasara. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa si nyepesi kama ya Iten, Kenya, iliyo mita 2,400 hivi, kwa hiyo miguu inaweza kukimbizwa kwa kasi halisi ya mashindano. Hasara ni joto na unyevu. Damu inayotakiwa misulini inakwenda kwenye ngozi kupooza mwili, mapigo yanapanda, na kasi iliyopangwa inakuwa ghali. Ndiyo maana mbio ndefu huanza saa kumi na moja alfajiri, kabla jua halijaukamata mwamba.

Kwa dada yule wa kilomita 5, kipimo cha bei nafuu kipo. Aondoke mjini kwenda uwanja wa ndege kwa mwendo anaodhani ni wake, ageuke bila kupumzika, na mtu mwenye saa amsubiri mwisho. Marudio yakizidi kwa dakika mbili au tatu, mwaka kesho ajiandikishe kilomita 21, nusu marathoni.