Kengele ya Simu Haiufanyi Ubongo Uwe Mvivu

Wiki hii, kwa mara nyingine, ndugu wa mgonjwa aliyeumia ubongo katika ajali ya bodaboda wamezifuta kengele za dawa nilizompangia kwenye simu, "ili ubongo ujizoeshe kukumbuka wenyewe." Alikosa dawa ya kifafa siku mbili, akaanguka jikoni.

Najua imani hii ilikotoka, kwa kuwa kwa mkono ina ukweli: mkono uliopooza ukiachwa, mgonjwa huzoea kutumia ule mzima tu, na uwezo uliobaki hufifia, ndiyo maana sisi watoa tiba kwa vitendo, tunaomsaidia mgonjwa kuzimudu tena shughuli za kila siku, humkazania autumie. Lakini kumbukumbu si msuli. Kumhoji mtu kila asubuhi "Jana ulikula nini?" hakuirudishi, na akizoea kubahatisha, jibu la uongo ndilo linaloota mizizi.

Mwaka 2001 nchini Uingereza, mwanasaikolojia Barbara Wilson na wenzake walichapisha utafiti ulioanza na watu 143, waliopewa peja, yaani vifaa vidogo vinavyolia na kuonyesha ujumbe, za kuwakumbusha shughuli zao. Zaidi ya asilimia 80 ya waliofika mwisho walifanikiwa kuliko awali, na wengi wao walibaki na nafuu hiyo wiki 7 baada ya kurudisha peja. Uvivu uko wapi hapo?

Kinachoniudhi zaidi, hata kwa wanaokubali simu, ni kengele bubu. Mlio usio na maneno mgonjwa huuzima, kisha hubaki akijiuliza ulikuwa wa nini. Andikeni: "Kunywa kidonge cheupe sasa, kipo kando ya simu," na kidonge kiwepo hapo kweli, asiyesoma arekodiwe sauti. Tena ilie wakati wa tendo lenyewe, si nusu saa kabla, maana nusu saa kwake inatosha kusahau mara sita.

Vifaa vya anayetumia mkono mmoja, kama ubao wenye misumari ya kushikilia kitunguu kinapokatwa, havina mgogoro kama huu wa kengele. Seremala yeyote atavitengeneza.

Nakiri kwamba wakati wa kupunguza kengele huwa nauamua kwa kujaribu, na mara mbili tatu nimeharakisha. Wapo pia wanaosikia, wanasoma, wanaelewa, na bado hawainuki, kwa sababu kilichoharibika si kumbukumbu bali uwezo wa kuanzisha tendo. Kwa hao kengele zangu zimeshindwa mara nyingi. Mmoja wao huinuka pale tu mjukuu wake anapopiga simu na kusubiri hadi asikie maji yakimiminwa kwenye kikombe.